Ujumbe Aliokusomea Neema

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa sebuleni kwako hapa Bangwe, madaftari ya darasa la sita yamejaa mezani. Yote nimeshayasahihisha isipokuwa moja. Hilo limenishinda, nalo ni la mjukuu wako Neema.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinunua dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga? Hukununua gunia kwa kutazama juu. Ulikunja mikono ya shati, ukazamisha mkono mpaka kwapani, ukatoa wale wa chini, ukawanusa, ukatafuna mmoja kuona kama ana mchanga. Wauzaji walikununia. "Mzee huyu hamwamini hata mama yake!" Nawe ukawajibu, "Mama yangu hauzi dagaa." Nilikuwa naona haya kusimama karibu nawe.

Lakini simu ilikupiga chenga. Macho yako yalipofifia, Neema akawa msomaji wako. Ulimwita mchumba, ukamvutia kiti, naye akasoma kila kilichoingia kwenye kundi la ukoo, Kiswahili kwanza, halafu Kiha pale ulipokunja uso. Siku ulipoingia ule ujumbe, kwamba majani ya mparachichi yanamaliza presha na vidonge vinaua figo, ulimuuliza swali moja tu: "Nani katuma?" Akakutajia shemeji yako wa Kidahwe.

"Basi. Mtu mzima yule, hawezi kudanganya."

Wala hakudanganya, Baba. Na yeye alitumiwa ujumbe huo. Lakini nani kwetu angempigia mkubwa kama yule kumuuliza kayatoa wapi? Ungeonekana huna adabu. Nikachuma majani, nikachemsha, nikakuletea kikombe kwa mikono miwili. Vidonge vikabaki kabatini. Wiki chache baadaye ukaanguka bafuni, na hukuinuka tena.

Sasa nafundisha watoto kukagua habari za mtandaoni: nani aliandika kwanza, lini, amejuaje, na wenye ujuzi wanasemaje. Nawaambia kuuliza si kumvunjia mtu heshima. Nasema kwa sauti kubwa huku nikitazama ubao, maana Neema ameketi dawati la pili, na kila siku nahofia maswali haya yatamfikisha kwenye ule ujumbe wako. Wiki iliyopita niliwaagiza kila mmoja alete ujumbe kutoka nyumbani, aukague.

Amefika, Baba. Ameunakili wote, maana simu yako anayo yeye. Alikwenda zahanati mwenyewe kumuuliza nesi. Ameandika: "Si kweli. Dawa ya presha haiachwi bila kumuuliza daktari." Chini yake, kwa herufi ndogo: "Mimi ndiye niliyemsomea babu."

Kazi yake ni sahihi, kuliko ya wenzake wote. Nikiiwekea vema, nitakuwa nimemwambia nini mwanangu? Nisipoweka, nitakuwa nimemfundisha nini? Tangu juzi hali chakula vizuri. Ananitazama tu, nami najifanya nina kazi nyingi. Naogopa, Baba. Naogopa mtoto atakua na jambo hili kifuani, asimwambie mtu.

Nasikia geti, ametoka kwaya. Vema nimeweka. Namketisha hapa nimwambie na lile ambalo hakuliandika: kwamba siku ile yeye alikuwa na miaka tisa, na mimi nilikuwa mwalimu.

Niombee huko uliko,

Binti yako.