Hesabu ya Ndege

Mwalimu,

Nimekukasirikia, na hilo naliandika kabla sijaanza kulia. Nani alikutuma ufe kwa ubishi wangu?

Tangu tukuzike, uwanda wa Rusizi ulikauka hadi ardhi ikapasuka, kisha mvua ikanyesha wiki nzima na kwelea, wale ndege tuliokuwa tukiwahesabu, wamerudi kwa maelfu. Sijaenda kuwaona. Ofisi yetu imevunjwa, darubini zimeibwa. Kule kwako Mutakura nyumba tatu za jirani zimechomwa moto, moja na watu wake ndani. Mkeo na watoto wako hai.

Unakumbuka tulivyobishana juu ya jalada la daftari? Ulitaka niandike inyoni, jina la Kirundi la ndege wa manyoya. Ulisema kwa msemaji wa Kirundi, ndege ni ile inayotua kiwanjani, basi. Mimi mtoto wa Asiatique, mtaa wa Waswahili, Kiswahili nimekinyonya, nikacheka nikaandika kwa herufi kubwa: HESABU YA NDEGE. Na ndani: wakaaji, hawaondoki, wahamaji, hufika bila ratiba, hutua asubuhi upande wa kaskazini.

Pale kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, kijana mwenye bunduki alilisoma daftari akifuata kwa kidole, kisha akatazama upande wa kiwanja cha ndege. Ulimweleza kwa Kirundi, taratibu, hata ukaiga mlio wa kwale. Yeye na wenzake wakacheka. Nikadhani tumepona. Mkubwa wao hakucheka. Alisema tunawahesabia maadui ndege za jeshi, akauliza, "Nani aliandika?"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua mdomo, Mwalimu. Ukanitangulia: "Ni mi. Uyu dada ananibebea tu mizigo, hata kusoma hajue."

Wakakupiga kitako cha bunduki mdomoni. Meno yakamwagika mchangani. Ulipoanguka walikukanyaga shingo, mmoja akawa anakupiga mateke ya mbavu huku akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kwa kejeli. Halafu risasi. Damu yako ilinirukia hadi kwenye ushungi, na mimi nimesimama na mkoba wako mgongoni. Waliniamuru nichome daftari. Nikalichoma.

Mkeo anakulaumu. Anawaambia watoto kwamba baba yao alijitakia, msomi mzima kuandika upuuzi wakati wa vita. Binti yako Aline hataki tena kusikia jina lako. Mimi huketi pale sebuleni, nanywa chai ya mama yake, nanyamaza. Ananiita mwanangu. Najichukia.

Sasa imetosha. Kesho asubuhi nakwenda Mutakura. Nitamwambia mkeo mwandiko ulikuwa wangu, na kwamba ulinikataza nikakaidi. Akinifukuza nitatoka. Akinipiga sitakinga uso. Lakini nakuahidi, sivuki kizingiti cha nyumba ile kutoka nje kabla Aline hajasikia kwamba baba yake hakuandika hata herufi moja.

Kwaheri, Mwalimu. Mungu akulaze pema.

Zuhura