Kobe Aliyeingia Kwenye Interview

Wangari, weka chai chini. Dadangu Chepkoech ametoka interview ya uuguzi sasa hivi, kule nyumba ya wazee mjini Auburn, na haamini alichosema.

Si unajua ule mchezo wa kobe kwa simu yake? Kobe anasukuma mawe mpaka afikie mayai yake. Hawezi kuvuta, ni kusukuma tu. Ukikosea anaketi, anakuangalia kwa huruma, unaanza upya. Chepkoech anampenda huyo kobe, na level ya arobaini imemtesa siku tisa.

Leo alifika mapema, akacheza hadi akaitwa. Mama mmoja wa wale waliomhoji akamuuliza ni tatizo gani gumu limewahi kumkwamisha. Majibu yote aliyokariri yakayeyuka. Akasema, "Kobe."

Wangari, alisema kobe. Kwa interview.

Akaona maji ameshayavulia nguo, akaeleza yote: anakwama kwa sababu anakimbilia jiwe lililo karibu na mayai, badala ya kurudi nyuma aone njia ilizibika wapi. Akasema hata wodini, mgonjwa akikataa dawa, siku hizi anaacha kusukuma, anaketi, anamuuliza kwa nini.

Yule mama akaandika weee. Kisha akamuuliza polepole, "Umejaribu kuanza na lile jiwe la kushoto?"

Kumbe yule mama mwenyewe yuko level ya sitini na mbili.

Kazi amepata, anaanza Jumatatu. Nimempigia tena nimpongeze vizuri, hashiki. Nadhani yuko kwa treni na lile jiwe la kushoto.