Pipa Ulilolilinda Peke Yako

Mpendwa Baba,

Ninakuandikia nikiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, tumesimama nje ya lango la Shangazi Odile hapa Kipushi. Ninaandikia juu ya goti, utanisamehe mwandiko.

Unakumbuka siku ulipolileta lile pipa nyumbani Kamalondo? Mgodi ulikuwa umefungwa, walinzi wa depo, ghala la mgodi, wamekwenda zao, na wewe, mtunza stoo asiye na stoo tena, ulikuta wezi wameliviringisha mpaka kwenye uzio. Ulilipakia kwenye kamioneti ya jirani ukalifunika blanketi kama mgonjwa. Mama alikuuliza kwa nini hukulirudisha ndani.

"Kule hakuna sentineli," ulijibu. "Hapa niko miye."

Ukaliweka chumba cha nyuma, ukatandika godoro lako mlangoni. Sisi watoto tulisema Baba ameoa mke wa pili, tena mnene. Ulicheka nasi, lakini ufunguo wa chumba hicho ulibaki shingoni mwako. Nilipouliza kuna nini ndani, ulinivuta sikio taratibu: "Kuko bintu ya kuuliza na bintu ya kuacha." Niliupenda ukaidi wako. Leo ndio unaonichoma.

Kwa sababu ulikufa bila kumwambia mtu. Kilio kilipokwisha, ndugu zako walikaa uani kugawana vitu vyako, kama ilivyo desturi. Baba mdogo alichukua koti, binamu akachukua baiskeli. Shangazi, anayepika na kuuza kinywaji cha munkoyo, aligonga pipa kwa ngumi, akatabasamu.

"Iko muzima, haina hata kutu. Ya ndani nitamwanga inje, nitatia mo munkoyo yangu."

Lilikuwa zito, tukadhani uliweka chokaa. Tulimsaidia kulipakia, huku tunamtania kwamba sasa munkoyo wake utatosha mji mzima.

Wiki hii wamekuja mafundi wa kuharibu sumu za zamani za depo, nami nimepata kazi ya kuwapikia. Wanavaa mavazi meupe na maski, wanaitia sumu kidogo kidogo katika maji yenye dawa mpaka nguvu yake imalizike. Leo asubuhi mkuu wao alituonyesha pipa moja la buluu lenye mstari mweupe. Lilikuwa pacha wa lako. Alisema sumu hii ni ndugu wa gesi za vita. Ikikaa kavu, imelala. Ikikutana na kitu kichachu, iwe asidi, iwe ndimu, inatoa hewa inayoua kabla hujaita mtu.

Nikamkumbuka Shangazi. Unawajua mama wa munkoyo: pipa jipya haliguswi na kinywaji mpaka lisuguliwe kwa ndimu. Nilimpigia Shangazi palepale, akapokea kwa furaha.

"Ee mwana, pipa ya baba yako tumeifungua leo. Kuko unga mweupe, nimemwanga nusu. Ile imebakia nasugua na ndimu, arufu itoke."

Nilimwambia aache, atoke nje, akimbie. Sijui alisikia nini, mtandao ulikatika. Tangu hapo simu inaita tu. Nikamweleza mkuu wa mafundi, tukaja wote kwa gari lao.

Nina hasira nawe, Baba, na ninakukumbuka sana, vyote kwa pamoja. Ungemwambia mmoja wetu tu. Labda uliogopa tungeliuza, na labda kweli tungeliuza. Lakini ulilala miaka yote karibu na kifo ili kisitufikie, kisha ukatuachia mlango wazi.

Mafundi wamevaa maski, wamenikataza kushuka. Kupitia lango ninaona kuku wa Shangazi wamelala uani, juani, hawasogei. Mkuu wao ameniuliza jina la mwenye nyumba, amwite kwa kipaza sauti kabla hawajaingia. Nimempa. Anaita sasa. Ameita tena.

Pumzika, Baba. Na kama Shangazi yuko njiani kuja huko, mpokee vizuri, umwambie wewe mwenyewe kilichokuwa ndani.

Binti yako wa kwanza