Kwa Basile Niyonsaba, Uliyemrudisha Mama Kando ya Ziwa

Mwaka mzima umepita, Baba, tangu tulipokusindikiza makaburini. Mbele ya nyumba yetu ya Rugenge watu bado wanasimama na kuuliza, "Hapa si kwa mzee Basile?" Tunawajibu kwamba ndiyo, ni kwake. Hatujajifunza kusema "palikuwa."

Wasiokujua na wajue kwamba ulizaliwa Luberizi, katikati ya mashamba ya mpunga, ukawa shoferi wa kamyo na kupandisha mchele Bukavu karibu maisha yako yote. Gari lako lilikuwa kubwa na sauti yako ndogo. Ng'ombe walipojaa barabarani ulizima moto wa gari ukangoja. Abiria waliponung'unika uliwaambia, "Ng'ombe hakusomaka sheria ya barabara. Ni minye nilisomaka, basi ni minye nitangoja."

Ulijua kungoja. Mama ndiye shahidi wa kwanza.

Mwaka ule mto uliposhuka kutoka mlimani na mawe na miti, wewe ulikuwa safarini. Mama alimtoa binti yenu Déborah ndani ya nyumba, akarudi akamtoa Noella, maji yakiwa yamemfika kifuani. Aliporudi kumchukua mama yake, Bibi Pélagie, ukuta ulikuwa umeshaanguka. Ulifika kesho yake kwa miguu, kwa sababu barabara ilikuwa imekatika, ukatukuta chini ya bashi, turubai la plastiki, pamoja na majirani. Ulituhesabu kwa kutugusa vichwa. Kisha ukakaa chini pembeni ya Mama na hukumwuliza neno.

Tulimzika Bibi, tukapanga nyumba Rugenge, watoto wakarudi shuleni. Mama hakurudi. Mvua ikianza, hata ya mchana, alipanda kitandani na kukunja miguu. Ziwa hakutaka hata kuliona kwa mbali. Na katika mji kama wetu, uliobanwa kati ya mlima na maji, mtu asiyetaka kuona ziwa hana pa kwenda. Alibaki ndani, mlango umefungwa.

Watu walikupa mashauri. Wengine walisema umpeleke mlimani, Mulenge, akae kwa marafiki mpaka asahau. Wengine walisema maombi. Mzee mmoja wa ukoo alisema uoe mwanamke mwingine, huyu amekwisha. Ulimpa chai akanywa, ukamsindikiza mpaka barabarani, na tangu siku hiyo hukumkaribisha tena.

Kisha Dominika moja, baada ya misa, ulimwambia, "Élise, vaa viatu. Twende Bustani."

Mama akasema, "Bustani iko kando ya ziwa."

"Lango yake iko kwa barabara. Tutakaa kwa lango."

"Na kama nikisikia maji?"

"Tutarudi. Minye niko shoferi, kurudi nyuma najua."

Hivyo ndivyo mlivyoanza. Siku ya kwanza mlikaa kwenye benchi iliyo karibu na mlinzi, ambapo vumbi la barabara linaingia na maji hayaonekani. Mama aliangalia viatu vyake. Wewe uliangalia minana, wale ndege wa manjano wanaofuma viota kwenye michikichi. Dume alikuwa amemaliza kiota. Jike akaja, akaingiza kichwa, akatoka, akaruka zake. Dume akaanza kukinyofoa jani kwa jani.

Ukasema, "Ona, dada amekataa nyumba. Bwana iko anabomoa aanze tena."

Mama akainua macho. "Hata minye ningekataa," akasema. "Mlango gani huo unaangalia chini? Mtoto si ataanguka?"

Ulicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Ulitusimulia jioni hiyo kana kwamba umepata kamyo mpya, kwa sababu Mama alikuwa amebishana nawe.

Dominika kwa Dominika mlikwenda. Tulipowafuata tulichoshwa na mwendo wenu wa polepole, kwa maana ulisimama kwenye kila mti na kuushika kama unayemsalimia mtu. Kiangazi nyasi zilikauka, vumbi la hewani likaficha milima ya Burundi, na kenge walijianika juu ya mawe bila aibu. Mwezi wa kumi walifika keremkerem, ndege wembamba wenye rangi za kitenge, wakikamata nyuki hewani. Mwezi wa kumi na mbili miti ya maua mekundu iliwaka, na maharusi walikuja kupiga picha chini yake. Wewe na Mama mlikuwa waamuzi: bibi harusi huyu amechoka, bwana harusi yule viatu vinambana. Na kila msimu mlikuwa mmehama benchi, mmesogea kidogo upande wa maji. Hukuwahi kumwambia kwamba mmesogea. Mama anasema alijua, alinyamaza tu.

Kuna siku moja ambayo wote tunaikumbuka. Mvua za kwanza zilichelewa, na Bustani ilijaa watu waliokuja kutafuta upepo. Mlikuwa kwenye benchi ya katikati, ziwa likionekana kati ya miti. Radi ikapiga upande wa mlima. Watu wakakimbilia kibanda cha nyasi, na sisi watoto tukakimbia nao. Wewe ulisimama na mwavuli, ukampa Mama mkono.

Mama akakushika shati. "Tungoje," akasema.

"Mvua inakuja, Élise."

"Naiona. Tungoje."

Ukakaa. Mvua ikaanguka kama inayomwagwa kwa ndoo. Kutoka kibandani tuliona Mama akitetemeka, kisha tukamsikia analia kwa sauti, akimwita mama yake, "Mama Pélagie! Nilirudi! Nilirudi, Mama!" Siku ya mazishi hakuwa amelia. Mwanao Bruno alitaka kwenda, ukamwashiria kwa kiganja abaki. Mwavuli ulikuwa umeanguka kwenye nyasi. Uliketi tu, kofia ikikuchuruzikia usoni, mkono wako mgongoni mwake.

Mvua ilipokatika jua likatoka, na kumbikumbi wakaanza kupanda kutoka ardhini, wengi, mabawa yaking'aa. Watoto wa Bustani nzima wakawakimbilia na mabeseni. Mama akafuta uso. Akasimama, akafungua kitenge chake cha juu, akamwambia mtoto wa watu, "Weye, shika upande ule." Tulirudi nyumbani tumelowa wote. Alikaanga kumbikumbi kwa chumvi, na wakati tunakula akatusimulia jinsi Bibi alivyokuwa akiimba vibaya kanisani na hakuna aliyethubutu kumwambia. Usiku ule mvua ilirudi. Mama hakulala, lakini alikaa kwenye kiti, hakupanda kitandani.

Kisha ukaugua wewe. Moyo ulichoka, miguu ikavimba, na ukakabidhi ufunguo wa kamyo bila kulalamika. Mara ya mwisho kwenda Bustani tulikukodia teksi, na Bruno akakubeba kutoka langoni. Ulidhani tutakaa karibu. Mama akatangulia, akapita benchi zote, mpaka ile ya mwisho iliyo juu ya mawe, kwa sababu alijua unapenda kuona viboko wakiinua masikio majini jioni.

Ulimwangalia ukamwuliza, "Hauogopi?"

"Naogopa."

"Na siku sitakuwa hapa?"

Mama aliangalia maji. "Hiyo usiniulize leo," akasema. "Leo tuko wawili."

Ulipoondoka alifunga tena mlango. Hatutakuficha hilo, Baba. Kiangazi chote hakwenda popote, na tuliogopa kwamba tumewapoteza wote wawili. Kisha ziwa likapanda, likaingia katika nyumba za watu wa chini. Claudette, jirani aliyekuwa akiuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, akaja kupanga chumba nyuma yetu na watoto wake, kila kitu chake kikiwa kimebaki majini. Alikaa chumbani, mlango umefungwa. Mama alisikiliza kimya chake kupitia ukuta. Dominika iliyofuata alivaa viatu, akagonga mlango wake.

"Claudette, twende Bustani. Tutakaa kwa lango."

Bado wanakaa hapo hapo langoni, na Mama hajamharakisha.

Dominika hii, baada ya misa ya pili, tutakusomea sala makaburini, kisha tutashuka Bustani. Ndugu, majirani na mashoferi wenzako wote wanakaribishwa.

Tulimwuliza Mama tukuandikie nini kutoka kwake. Akafikiri, akasema, "Mwambieni swali lake nilishamjibu."

Wanaokukumbuka: mke wako Élisabeth Uwayezu; watoto wako Bruno, Noella na Déborah; mkwe wako Geneviève na wajukuu wako; mdogo wako Jean-Marie pamoja na jamaa yote ya Luberizi; na Claudette, ambaye hukuwahi kuongea naye zaidi ya salamu.

Pumzika, Baba. Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.