Koti la Shangazi wa Agape

Makanyagio, Mpanda
11 Agosti 1996

Mdogo wangu Deusdedit,

Mahindi yamekauka vizuri na mguu wa mama umepona. Barua yako nimeisoma. Unasema nikija nimevaa suti ya kiume kwenye harusi ya mwanao Agape, utanifungia mlango mbele ya wageni.

Suti imeshashonwa. Kwanza fundi Rafaeli alikataa. "Dada, mwili huu Mungu aliukatia gauni." Aliponipima, alitangaza kiuno ili watu wa barazani wasikie: "Hamsini na mbili!" Mmoja akadakia, "Leteni kamba ya ng'ombe!" Wakacheka. Nikamwambia fundi apime tena, kwa sababu kwenye daftari alikuwa ameandika hamsini. Vifungo aliviweka upande wa kike. Nikamwambia afumue.

"Nani ataangalia?" akauliza.

"Ndugu yangu," nikamjibu.

Sasa sikia. Kwetu bibi harusi hatoki ndani mpaka shangazi amshike mkono, na baba alituacha wawili tu, mimi na wewe. Agape hana shangazi mwingine. Wakwe wakifika Jumamosi tarehe 24, utafungua mlango, au utawaeleza mwenyewe kwa nini binti amebaki chumbani.

Gauni la satini ulilonitumia halikupita mabegani. Fundi amelikata, limetosha bitana ya mikono ya koti. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba nilikataa kulivaa.

Ni mimi dada yako,
Scolastica