Vikapu Viwili kutoka Mahajanga

Mahajanga,
Ijumaa, 23 Agosti 2019

Mpendwa Dada Voahangy,

Salamu nyingi, na zikukute umekaa, maana nakujua, ukisoma barua umesimama unaruka mistari. Goti lako linaendeleaje? Bado linakusumbua ukipanda zile ngazi za kwenu huko Reunion? Na Mirindra ameshapata majibu ya mtihani? Shemeji Rivo mwambie nimemwota ananikaangia samaki, na hata ndotoni aliwaunguza.

Mimi ni mzima wa mwili. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nitalia, nawe utaanza kumtukana Tahiry kabla sijafika katikati. Leo sitaki atukanwe.

Hii ni siku yetu ya mwisho hapa baharini. Siku nane zimekwisha, na kesho alfajiri tunapanda basi kurudi Antananarivo. Pua imeungua jua, nywele zimejaa chumvi, na wenyeji bado wanatucheka sisi watu wa milimani tunavyoingia majini na kofia zetu.

Unakumbuka nilivyoondoka kwa mume wangu mwezi wa tatu nikarudi kwa Baba. Hakuwa amenipiga, wala hakuwa na mwanamke. Angekuwa na mwanamke, Dada, ningejua pa kuanzia. Alikuwa amenyamaza tu. Mwaka mzima tunakula meza moja na ananiomba chumvi kama mgeni. Nikasema nitaondoka kama wanawake wa kwetu wanavyoondoka, ili aje na mzee wa kwao, waombe radhi mbele ya Baba, anichukue, tuanze upya. Baba akalitoa lile koti lake jeusi alilovaa kwenye harusi yako, akalitundika nyuma ya mlango kuwangojea wageni. Aprili lilikuwa pale. Juni lilikuwa pale.

Tahiry alipokuja, mwezi huu, alikuja peke yake, na tiketi mbili za Mahajanga. Baba akaniita jikoni.

"Anayekuja kumchukua mke huja na mzee," akaniambia. "Huyu kaja na tiketi. Hajakuchukua huyo, mwanangu."

Nikamwona Baba ni mtu wa zamani mno. Nikafunga nguo zangu siku ileile. Hilo ndilo kosa langu, wala sina wa kumsukumia.

Lakini ungekuwepo, nawe ungedanganyika. Amekuwa akizungumza! Amenishika mkono barabarani, Tahiry huyuhuyu, mchana, watu wakiona. Asubuhi hii tuliogelea maji yakiwa yamejaa, kisha tukakaa mchangani tukinywa madafu na kumtazama bwana mmoja mnene akiikimbiza kofia yake pwani nzima. Tahiry alicheka mpaka akalala chali. Nikajiambia, Haingo, ndoa yako imepona.

Saa nne tukaenda sokoni kununua zawadi za safari. Miaka yote tulijaza kikapu kimoja, tukifika nyumbani ndipo tunagawa, za kwao na za kwetu. Leo alichukua viwili. Akaanza kumimina uduvi mkavu, kopo huku, kopo kule, akilinganisha kwa macho kama anapima dawa. Muuzaji, mama mmoja mwenye uso wote umepakwa liwa, akashindwa kuvumilia.

"We kaka! Mbona unagawa kama mwenye wake wawili?"

"Mke mmoja tu, mama," Tahiry akamjibu. "Ila nyumba ni mbili."

"Mke mmoja, nyumba mbili? Basi hiyo nyingine niweke mimi, hata kupika najua!"

Wauzaji wote wakaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote.

Korosho nazo akazigawa sawa kwa sawa. Halafu mikeka. Unaujua ule wetu mpana wa sebuleni, tuliununua hapahapa. Leo alichagua miwili myembamba, kila mmoja wa kulalia mtu mmoja. Nikamuuliza kama mipana imekwisha. Akasema hii ni rahisi kubeba. Nikakubali, maana kweli ni rahisi kubeba.

Alasiri, tukifunga vikapu chumbani, akaniambia kwamba mzee Ratsimba, amu yake, atatungoja stendi kesho, na sote tutakwenda moja kwa moja kwa Baba. Dada, moyo uliruka. Nilimkumbatia na kikapu mkononi, uduvi ukamwagika sakafuni.

"Hatimaye!" nikamwambia. "Si ungemleta tangu mwezi wa tatu, bwana we, tusisumbuane!"

Hakunikumbatia. Alichuchumaa akaanza kuokota uduvi mmoja mmoja. Kisha akasema, bila hasira hata chembe:

"Haji kukuchukua, Haingo. Anakuja kukurudisha kwa baba yako. Sikutaka tuachane kwa ubaya."

Nilichuchumaa nami nikamsaidia kuokota.

Nimevunjika, Dada. Natafuta pa kumchukia sipaoni. Siku nane nimekula wema wake kama mtu aliyekaribishwa, kumbe nilikuwa nasindikizwa. Nina miaka arobaini na mmoja na sijui kesho kutwa nitaamka nifanye nini. Sioni mbele. Watu wananiambia mimi ni hodari wa maneno, na kwa mtu huyu maneno yangu yote yamekwisha kazi.

Sasa hivi ametoka kununua mishikaki ya mwisho pale ufukweni. Kabla ya kutoka ameniuliza kama nataka pilipili. Nikasema ndiyo. Sikujua kwamba mtu akiachwa bado anasikia njaa.

Basi nifunge kabla hajarudi. Nisalimie shemeji Rivo, Mirindra na Toky, na yule jirani yako Mama Lalao aliyenipa mbegu za maua. Mwambie yalichanua, ila sikuwepo kuyaona. Mungu akulinde huko uliko, aliponye goti lako, na asikupitishe hapa nilipo.

Nilikuwa nimeshaandika hayo, simu ikalia. Baba. Sijamsikia akipiga kelele za furaha namna ile tangu ulipojifungua Toky.

"Haingo! Mzee wao kanipigia mwenyewe! Anakuja kesho na mumeo! Ulikuwa sahihi wewe, mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa na haraka ya kumhukumu mtoto wa watu. Koti nimelipiga pasi. Kile kifungo kilichong'oka nimekishona mwenyewe, hata kama uzi si wenyewe."

Barua hii itakapokufikia mambo yatakuwa yamekwisha, kwa hiyo nakuomba jambo moja tu: usimwambie Baba kamwe kwamba nilikuwa najua alipopiga. Aliniuliza avae tai au akae hivihivi bila tai.

Nilimwambia avae tai.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo,
Haingo