Shangazi na jiwe lisilo na doa

Shoga, acha unachofanya. Shangazi kaumbuka!

Ile pete yake ya jiwe jekundu, anayoturingia nayo kila harusi, leo tumeipeleka kwa sonara. Kaichungulia kwa lenzi weee, kisha: “Mama, jiwe la kweli kubwa hivi halikosi alama ndani. Hili halina hata doa. Ni kioo.”

KIOO, shoga!

Mara sonara akaona pete kidoleni mwangu. Kile kijiwe alichonipa shangazi akisema kimechongwa kombo na kina ufa, eti kinanifaa mimi. “Hiki ni cha kweli, na rangi hii ni adimu. Kikichongwa vizuri, bei inapanda.”

Njia nzima ya kurudi, macho ya shangazi kidoleni mwangu.

Sasa hivi yuko mlangoni, anachekacheka: “Mwanangu, vidole vyako virefu, vinataka jiwe kubwa. Tubadilishane.”